Kamba Nyeupe ya Ihanja

Prado iliruka tuta bila kupunguza mwendo.

"Pendo, umeshashuka shimoni?" Jesca aliuliza kwenye redio.

"Bado, dada. Nafunga mkanda. Kaka Clement ameshika kamba."

"Usishuke."

Redio ikakoroma, ikakata.

Jasusi Jesca akakanyaga mafuta. Wiki iliyopita mwenzake Alute alishuka shimo lile lile la Ihanja akifuata dhahabu ya magendo. Kamba ikakatika. Clement, mkuu wao pale, akatangaza kwamba marehemu alijichagulia kamba chakavu kwa uzembe. Mama yake Alute akazika mwana, akabaki na aibu. Sasa kazi ya Alute amepewa Pendo, jasusi mdogo wao.

Asubuhi hii Jesca alikuwa amepima kipande cha kamba ile.

Alimkuta Pendo ameketi ukingoni, miguu inaning'inia. Clement alikuwa anamhimiza.

"Toka hapo, mdogo wangu," Jesca alimwambia Pendo.

Kamba ilikuwa mpya, ya pamba, nyeupe kupita kiasi. Jesca alitoa kichupa cha methilini buluu, rangi ya maabara. Tone kwenye kamba, tone kwenye leso yake. Akasuuza kwa maji ya kunywa.

Leso ilitakata. Kamba ikabaki buluu iliyokoza.

"Imelowekwa jiki kali."

Aliwaeleza kwa kifupi: jiki ikizidi huunguza pamba ndani kwa ndani. Uzi unang'aa, nguvu zinakwisha. Na uzi ulioungua hivyo ukinywa rangi hii, hauiachii. Akachomoa nyuzi chache, akavuta. Zilikatika bila sauti.

Mkono wa Clement ukaenda kiunoni.

Bastola ya Jesca, Glock, ilishatoka.

"Lete mkono, kaka."

Tone moja kwenye pindo la mkono wa shati lake jeupe. Maji. Shati lilikuwa limefuliwa, lakini pale jiki iliporukia, vidoa vya buluu vilibaki.

"Wageni wenye dhahabu walisema watamuua binti yangu," Clement alisema.

"Ungeniambia. Mzigo uko wapi?"

"Mwankoko. Wageni wanapakia sasa hivi."

Jesca akamtia pingu, akapiga simu moja. Kabla hajaingia mjini, wageni wote walikuwa na pingu, na dhahabu haikuwa imetoka hata uani.

Hakwenda kuwatazama. Alikwenda Utemini.

Alimwamkia mama yake Alute, kisha akamwambia yote. Mwanawe hakuzembea. Kamba iliharibiwa, na aliyeiharibu ni Clement.

Mama aliendelea kuchagua choroko kwa muda mrefu.

"Clement ndiye aliyenishika mkono makaburini," alisema. "Nilimwegemea yeye."

Jesca alikaa naye mpaka chai ikapoa. Kisha akavaa miwani nyeusi, akatembea taratibu kwenda kwenye gari.