Mpangaji Tumboni mwa Dada

Sahani ilikuwa imelambwa. Fundi cherehani aliifunika mwenyewe kabla ya kwenda kuoga, ikiwa na nusu ya chakula alichoshindwa kumaliza. Alipotoka, kifuniko kilikuwa mahali pake na sahani chini yake inang'aa, bado ina unyevu wa mate. Alimuuliza mdogo wake, kwani nyumba ile walikaa wao wawili tu. Mdogo mtu akacheka, akasema labda amekula mwenyewe akasahau, mtu na tabia yake.

Utani huo fundi aliuzoea. Kwao walimwita Ghala. Njaa ilimwingia ghafla akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ile ile mdogo wake alipopona homa iliyomkausha. Tangu hapo mmoja alinenepa, mwingine akala apendavyo bila kuongezeka hata kidogo. Sasa magoti yalikuwa yamekataa kukanyaga cherehani na presha haishuki, ndipo daktari akamwandikia sindano ya kila wiki.

Muuguzi, mama mwenye miwani ya kamba, alimweleza bila kuzunguka. Dawa inaiga kichocheo ambacho utumbo hutoa mtu anapokula. Inauambia ubongo kwamba ameshiba, tena inachelewesha chakula kutoka tumboni. Aanze na kipimo kidogo, kipandishwe baada ya wiki nne akikivumilia, maana kichefuchefu huwapata wengi. Achome siku ile ile ya wiki, kwa sindano mpya kila mara, leo tumboni, wiki ijayo pajani. Tumbo likiuma vikali bila kutulia, asingoje, aje. Kalamu ya dawa, lile bomba la kuchomea lenye umbo la kalamu, asimwazime mtu. Aiweke kwenye jokofu, lakini isigande. Ikiganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka.

"Na njaa yako si ulafi, mama," muuguzi alimalizia. "Anayekuambia hivyo hajui anachosema."

Fundi aliyaandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kila Jumamosi asubuhi alichoma, akaandika tarehe na mahali. Wiki ya sita njaa ilinyamaza, kama redio ya jirani iliyozimwa baada ya miaka, naye akakaa mbele ya chakula akalia kwa utulivu ule.

Kisha sahani zikaanza kulambwa. Mchana, akikata kitambaa, alisikia kitu kikitafuna nyuma ya kabati la jikoni, polepole, na harufu ya nywele zilizoungua ikapita chini ya mlango. Wiki ya kumi alichoma kama kawaida, na kabla ya Jumatano njaa ile ikaanza kurudi. Akaibeba kalamu hadi kliniki kwenye mkoba wa baridi. Muuguzi aliigeuza kwenye mwanga, akamwonyesha ufa mwembamba na chembechembe ndani ya dawa.

"Hii iligandishwa. Nani mwingine anafungua jokofu lenu?"

Fundi alirudi nyumbani kwa miguu, akimtetea mdogo wake moyoni njia nzima. Alivua viatu mlangoni, akasikia mnong'ono wa mdogo wake jikoni na nyuma yake sauti nyingine, nzito, yenye mate, ikitafuna kati ya neno na neno, na harufu ile ikamjaa puani, na kwenye upenyo wa mlango akamwona mdogo wake amepiga magoti mbele ya friza, ameshika kalamu ya akiba, akimbembeleza asiyeonekana, ila unga ulikuwa ukipungua kwenye sinia mbele yake na alama za vidole virefu zikijichora humo.

"Vumilia. Hii nayo ikiganda, atakufungulia."

"Uliniahidi nyumba," ile sauti ikasema. "Dawa imefunga mlango."

"Nilikupa dada yangu. Nikupe nini tena?"

Fundi aliusukuma mlango. Mdogo mtu hakuinuka. Alisimulia bila chozi: ile haikuwa homa, lilikuwa jini, lilimla mpaka mifupa, na usiku wa mwisho akalionyesha kitanda cha pili, cha dada yake. Alikuwa mtoto, alisema, aliogopa kufa. Fundi alimuuliza jambo moja tu: mama yao alipokuwa akifunga kabati la chakula kwa ajili ya Ghala, kwa nini alicheka pamoja na wengine?

Sinia, sasa tupu, likapinduka. Taya za mdogo mtu zikaanza kutafuna, mdomoni hamna kitu, na ile sauti ikatokea kooni mwake.

"Humu hamna nafasi. Nirudishe kwako. Kwako nilinenepa."

Kisha mdogo mtu akasema kwa sauti yake mwenyewe, ileile aliyoitumia kuomba kuazimwa kanga:

"Likubali, dada. Wewe si umeshazoea?"

Fundi aliichomoa kalamu katika vidole vya mdogo wake kabla haijaganda, akaitia kwenye mkoba wa baridi, akatoka. Hakugeuka. Hadi anafika barabarani alikuwa bado akisikia kutafuna, na kwenye sinia lile hakikubaki chochote cha kula.