Posho ya Luka na Kilima cha Ofisi

Enyi wa Kigombe na Mwera, nanyi mliozaliwa kambi za mkonge, nipeni masikio. Haya niliyaona mwaka hamsini na nne, tulipoishi kambini upande wa Muheza.

Jirani zetu walikuwa Tadeo, mkewe Benedikta, na Luka, mdogo wake Tadeo. Nyumba yenye amani. Jumapili wakitoka kanisani, Luka huimba mpaka mlangoni. Alikuwa tarishi, akikimbiza barua kutoka kiwandani hadi ofisini, maili mbili za tambarare.

Kisha ofisi ikahamishiwa kilimani. Maili zilezile mbili, ila za kupanda, mara nne kwa siku, na juu karani anangoja na saa mkononi.

Posho ya unga ya ndugu wote wawili aliipokea Tadeo. Nusu ya fungu la Luka aliibadilisha kwa tembo la mnazi. Zamani Luka alivumilia. Sasa sahani aliifuta kwa kidole.

"Shikamoo kaka. Naomba unga wangu wote. Kilima kinanimaliza."

Tadeo akacheka. "Kwani kimeongeza maili? Maili ni maili, bwana! Na unachopoteza kupanda, unakipata kushuka."

"Kushuka magoti yanatetemeka, kaka."

"Ala! Umekuwa mwali siku hizi? Tukuletee na kungwi?"

Benedikta akawa anamfichia muhogo wa kiporo. Mumewe alipougundua, akampa mbwa. Luka akaacha kuimba. Akatoboa tundu mpya kwenye mkanda wake kwa msumari, moja, kisha nyingine. Nilipoziona zilikuwa tano. Nami nilinyamaza, ndugu zangu, nikasema ya nyumba za watu hayanihusu. Hilo linaniuma hadi leo.

Masika yakaingia. Alhamisi moja, safari ya nne, Luka hakufika juu. Walimkuta ameketi kwenye kona kali, kaegemea udongo, mvua inampiga, ameshakata roho. Barua zilikuwa kavu ndani ya mkebe. Mganga wa zahanati alimfungua shati, akazitazama mbavu, akauliza, "Huyu alikuwa akila kwa nani?"

Benedikta akamgeukia mumewe. "Mjibu."

"Maili ni..." Tadeo akaanza.

Baada ya matanga, mkebe ule wa barua alipewa Tadeo. Siku ya tatu alirudi kutoka kilimani, akala ugali wote, akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, kuna kingine?"

Benedikta akajaza sahani ya pili, akaiweka mbele yake. Tadeo akaitazama mpaka ikapoa.

FUNZO

Kilima hula nguvu za mtu kuliko tambarare, na mteremko haurudishi kilicholiwa. Msipime kazi ya mwenzenu kwa urefu wa njia; tazameni alivyorudi. Anayekunywa posho ya nduguye anamnywa nduguye. Na wewe jirani unayeziona tundu za mkanda, sema mapema.