Chuo Kizima Kabla Yangu

"We kaka, mguu wangu huo, si ngazi!"

Ndivyo Tunu alivyomsalimia Mfaume, Jumamosi moja ya mwaka 1998, soko la Tandika, kwenye lundo la mitumba. Kavaa gauni la njano, khanga begani, na mdomo, jamani, mdomo anao. Mfaume, shati jeupe limechomekewa, akainama kabisa kuutazama mguu.

"Samahani, dada. Nikununulie juisi ya miwa uupoze?"

"Mguu haunywi juisi." Lakini akacheka, wakanywa.

Jumatatu ikaja na mambo yake. Tunu alikuwa karani wa masjala ya chuo kikuu, mwaka wa kumi na moja sasa, mlango ukafunguliwa akaingia yule yule wa Tandika. Mtaalamu wa kompyuta! Kaletwa ahamishe mafaili yote ya chuo, kila kitivo kifungue faili kwenye kioo chake bila kumtuma tarishi.

"Juzi ulianza na mguu, leo umekuja kukanyaga riziki yangu," Tunu alisema.

Alimnunia wiki nzima. Kisha akamfundisha, maana bila yeye Mfaume asingejua faili lipi linakaa na lipi. Mapenzi yakaingia humo humo, kati ya makabati. Simu ya masjala ikawa haipoi.

"Habibi, umekula?"

"Nile nini, na umeniachia vumbi la mafaili ya mwaka sabini?"

Miezi mitano hiyo. Kila Ijumaa Mfaume anakula kwa mama Tunu, Temeke, na ukoko anaongezwa. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira mie mwenyewe.

Jumatano asubuhi simu ililia. Alikuwa Benedicta, mhazili wa kitivo cha sheria.

"Shoga, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Kuna orodha humu kwenye kompyuta. Wanaopunguzwa kazi. Inaenda Baraza la Chuo Ijumaa. Wa saba ni wewe."

Tunu akaifungua. Jina lake lipo. Macho yakashuka hadi chini ya ukurasa, pale karani yeyote anapotazama, penye herufi za aliyechapa. M.K. Mfaume Kondo. Na tarehe ni ya wiki mbili nyuma.

Aliingia chumba cha kompyuta bila hodi.

"Wiki mbili, Mfaume! Ijumaa mbili unakula wali wa mama yangu, unajilamba vidole, na unajua binti yake anafukuzwa!"

"Nilikula kiapo, Tunu. Siri ya ofisi. Lakini jana roho ilinisuta, nikaitoa kufuli ile orodha, wote muione kabla haijasainiwa."

"Wote nani?"

"Vitivo vyote."

"Mshenzi mkubwa! Chuo kizima kijue kabla yangu? Benedicta asome, madereva wasome, mie niletewe kwa simu!"

"Nilidhani kukufungulia ndiyo kukuambia."

"Kamwambie hivyo mkeo kompyuta!" Akambamizia mlango.

Hasira ile haikumlaza kitandani. Alhamisi wote kumi na wawili wa orodha walisimama mlangoni kwa msajili, Tunu mbele, mafaili yao mkononi, na ndani hakuna barua ya onyo hata moja. Ijumaa msajili akayafikisha mafaili hayo mbele ya Baraza, na Baraza likaitupa orodha. Hakupunguzwa mtu.

Mfaume alipiga simu masjala mara tisa. Mara zote tisa Tunu alimkatia.

Jumatatu jioni akatokea Temeke, shati limelowa jasho. Tunu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Mama hayupo. Na chakula hakuna."

"Sijaja kula. Waliuliza nani kaitoa kufuli, nikasema mie. Wamenifukuza leo saa nane."

Ungo ukasimama. "Nani mwingine anajua?"

"Hajui mtu. Hata mama yangu hajui. Nimetoka pale moja kwa moja nimekuja kwako."

Machozi yakamtoka Tunu, na ya hasira kweli, msije mkasema nimeyapamba.

"Mjinga wewe! Nakupenda na nimekukasirikia, vyote viwili, usidhani kimoja kimeisha."

"Basi niruhusu nimtume mshenga."

"Na kazi huna?"

"Sina."

Tunu akausogeza mkeka, akampa nafasi ya kukaa.

"Mtume. Ila asimfiche baba mdogo, ndiye mwenye kuniozesha. Amwambie kazi huna, na Tunu amekubali."