Aliyetuitikia Kwenye Matete

Mimi sizungushi maneno, kwa hiyo naanza na kosa. Hodi niliipiga mimi.

Ilikuwa Novemba, saa tisa alasiri, jua tayari linazama. Mimi na Dafrosa, mke wa kaka yangu, tulitoka Norsborg, kitongoji tunachoishi huku Uswidi, kutafuta uyoga. Tukapita vijumba vilivyohamwa zamani, kisha njia ya mbao iliyokatiza matete ya ziwani. Kijumba cha mwisho hakikuwa na paa. Mlango tu ndio ulikuwa umefungwa. Nikachungulia kwenye ufa wake.

"Unachungulia nyumba za watu, shemeji?" Dafrosa akanitania. "Ndiyo malezi ya kwenu?"

Nikagonga. "Hodi."

"Karibu."

Sauti ya mama mmoja, kutoka ndani. Kiswahili safi.

Tulikimbia. Mbao zinalia chini ya miguu, matete pande zote... kisha mlango. Uleule. Tukashika njia nyingine. Harufu ya moshi wa kuni...

Mlango.

Mara ya tatu simu zilishazima, na Dafrosa alikuwa hasikii vidole kwa baridi.

"Shemeji," akanong'ona, "tumekaribishwa, tukaondoka bila kuaga."

"Nimuage nani? Humo hamna mtu."

"Basi kaa na ubishi wako tugande hapa."

Hasira zikanipanda. Nikausukuma mlango. Ndani majani makavu, na kiti kimoja kilichofutwa vumbi.

"Mama, tunaomba ruhusa," nikasema. "Giza linaingia."

Kisha, karibu kabisa na sikio langu:

"Dada amechoka. Mwache apumzike."

Nikamjibu. "Hapana, mama. Tumekuja wawili, tunaondoka wawili."

Akashusha pumzi taratibu.

"Haya. Ngoja niwasindikize."

Safari hii njia ilinyooka. Hatukugeuka. Nyuma yetu mbao zililia... hatua moja, kisha nyingine. Mlio wa miguu mitupu, iliyolowa.

Taa za kituo cha basi zilipoonekana, Dafrosa aliongea bila kufungua meno.

"Umemwambia inatosha, arudi?"

Sikumwambia. Niliongeza mwendo.

Pale kituoni tulimuuliza mzee mmoja wa Kiswidi, akatuambia kwamba kijumba kile kilikuwa cha baharia, aliyeleta mke kutoka mbali. Mbali wapi, hakujua. Wala kama mke huyo alizikwa.

Basi likaja. Nikapanda, Dafrosa akapanda.

Dereva hakufunga mlango. Alitazama nyuma yetu, akainamisha kichwa kwa adabu, akasubiri.

Kisha akafunga.