Nati ya Fundi Hango

Buibuijua alipanda ukuta wa Bi Mwanaidi kwa miguu yake minane, mgongoni amebeba sola zilizokunjwa kama mikeka. Akazitandaza juu ya bati, akatoboa, akakaza nati, akashusha waya hadi kwenye betri ya sebuleni. Taa zikawaka kabla chai ya jikoni haijachemka.

"Kazi imekamilika," alisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Hivyo tu?" aliuliza Bi Mwanaidi, mwiko mkononi.

Hapa Mandewa, Singida, watu walishazoea makubwa. Magari yalijiendesha, na vijana walikwenda mwezini kwa vibarua wakarudi wakilalamikia chakula. Mdudu wa chuma juu ya bati hakumshangaza mtu. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Mama Njiku, mwenye kampuni.

Alikuwa amemnunua Buibuijua kwa mkopo baada ya kupiga hesabu zake vizuri. Mashine haiumwi, haiombi nauli, haina msiba kijijini. Fundi wake wa miaka mingi, Hango, akamwachisha kazi kwa heshima na kuku wawili. Hesabu ilikuwa safi kabisa, ila wateja wakatoweka. Bei alishusha, hawakuja. Sasa mwisho wa mwezi benki ingemchukua mdudu pamoja na karakana.

"Bi Mwanaidi, niambie kweli. Nimewakosea nini watu wa mtaa huu?" aliuliza Mama Njiku, aliyekuja kusimamia kazi.

"Hujatukosea kitu, mwanangu. Ila zamani Hango akifunga sola kwa jirani, mtaa mzima tunajua. Anashinda juu ya bati, mchana anateremka, anapikiwa. Sisi tunakuja na viti vyetu. Fundi, hii inavuta friji? Fundi, mvua je? Akimaliza mlenda, watatu tumeshaagiza. Huyu mdudu wako nani atamuuliza? Ukigeuza chapati, keshaondoka!"

Mama Njiku alikwenda moja kwa moja kwa Hango, akamkuta anapalilia alizeti kando ya nyumba yake.

"Fundi, rudi kazini."

"Kufunga sola?"

"Kula."

Hango aliegemea jembe. "Mama Njiku, nimelipwa kwa jasho, nimewahi kulipwa kwa mbuzi. Kulipwa kwa kumeza sijawahi kusikia."

"Mdudu afunge, wewe ule na kujibu maswali. Shida iko wapi?"

Angekataa, lakini mkewe alikuwa dirishani anasikiliza.

Kesho yake walikuwa kwa mteja, Mzee Kijanga. Buibuijua alimaliza mara moja. Ugali wa mtama ukaletwa, na mlenda, na kuku wa kienyeji aliyenona. Majirani wakafika na viti. Hango akanawa, akakitazama chakula, mikono ikabaki magotini.

"Kula, fundi," alisema Mzee Kijanga.

"Mzee wangu, nisamehe. Sijagusa hata waya hapa kwako. Chakula cha fundi kina mwenyewe."

Jirani mmoja akanyanyua kiti chake, wa pili akafuata. Mama Njiku aliona karakana yake inaondoka pamoja na vile viti.

"Buibuijua! Panda ulegeze nati moja."

"Kulegeza nati iliyokazwa ni kosa la kiufundi."

"Legeza! Kosa nalibeba mimi."

Hango aliwekewa ngazi. Akapanda akilalamikia magoti, akakagua kila kona, shati likalowa. Akakaza nati ile kwa spana, akagonga bati mara mbili.

"Ilikuwa imelegea!" alipaza sauti bila haya.

"Si tuliwaambia!" majirani walishangilia, kana kwamba hawakuisikia ile amri. "Mashine haina mkono!"

Viti vikarudi. Hango akateremka, akanawa upya, akala kama mtu aliyechimba kisima. Alipofika kwenye mifupa, wanne walikuwa wameshaagiza. Mwezi ulikwisha, na benki haikuonekana karakanani.

Siku moja Mama Njiku alichelewa kufika kwa mteja. Alimkuta Buibuijua ametulia chini ya ukuta.

"Kazi imekamilika," alisema mdudu, "isipokuwa nati moja."

"Nani kakuagiza?"

"Hakuna. Chakula kimeiva, na fundi hajapanda."

Hango alisikia. Alisimama na spana yake, akamtazama mdudu, asijue ashukuru au aone aibu. Kisha akaiegemeza ngazi, akapanda polepole, kama mtu mwenye kazi nyingi.