Nimepata Mahali

Mwaka 1987, posta ya Shinyanga, foleni ya simu za mbali ilifika mlangoni. Mwahija, gauni la kijani na ushungi mweupe, alimwona kijana wa mbele yake amekumbatia diski pana kama aliyebeba kibuyu cha mtindi.

"Kaka, hiyo ni diski au sahani ya pilau?"

"Diski ya kompyuta, dada. Ya kwenu ndogo?"

"Inaenea kiganjani."

"Basi mashine zetu haziwezi kuoana."

"Mashine," alisema Mwahija, na wote wawili wakacheka.

Kijana aliitwa Bashiri Maige, Msukuma wa Kagongwa, fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa kutafuta dhahabu Geita. Mwahija aliendesha kompyuta ya kiwanda cha kuchambua pamba. Miezi minane walipendana kwa simu. Bashiri akampa zawadi ambayo mimi sijasikia mwanamume mwingine akiitoa: programu yake ya kuchagua mawe ya kupimwa, ili mpenziwe achagulie marobota ya pamba. Kwa kuwa diski ya Geita haikuingia Shinyanga, sehemu kuu aliituma kwa barua iliyopigwa chapa. Kipande cha mwisho alikisoma kwa simu siku ya Jumatano, Mwahija akaandika neno kwa neno.

"Umemaliza, laazizi?"

"Nimemaliza. Mbona unaharakisha?"

"Nina neno. Nimepata mahali. Jumamosi nakuja tuyamalize."

Simu ikakatika.

Amepata mahali! Kwa nani? Na kinachomalizwa ni nini kama si mapenzi? Nyumbani, posa ya Salehe, mfanyabiashara wa Kahama, ilikuwa ikisubiri jibu Ijumaa baada ya swala. Mwahija alikuwa akimzungusha baba yake miezi miwili kwa ajili ya huyu huyu Bashiri. Moyo ulimuuma hasa.

Alhamisi aliingiza vipande vyote na kuiamuru mashine iigeuze programu katika lugha yake. Ikagoma: haikupata sehemu iitwayo KURA. Alidhani kumbukumbu imejaa, akafuta mafaili ya zamani. Ikagoma. Alidhani diski imeharibika, akabadilisha. Ikagoma tena.

Nyamizi wa meza ya pili akachungulia. "Shoga, huyo kakuachia pengo makusudi. Anayeaga haachi kitu kizima."

"Hata mimi nimewaza hivyo."

"Basi mwambie baba akubali. Salehe yupo, si wa kwenye waya."

Ijumaa asubuhi Mwahija aliweka barua na daftari aliloandikia kwenye simu ubavu kwa ubavu. Alitaka ushahidi wa hila, amtupie Bashiri usoni. Barua ilisema KURA, maana mawe yalipigiwa kura. Daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilisema KULA. Alidhani mashine inakula namba! Bashiri, kama wengi waliokulia Kisukuma, aliandika r vizuri kabisa, ila ulimini ilimtoka l.

Akarekebisha herufi moja. Mashine ikakubali. Badala ya kufurahi, akageukia meza ya pili.

"Nyamizi! Kama kura kwake ni kula, mahali ni nini?"

Nyamizi akaziba mdomo kwa kanga. "Mungu wangu. Piga simu!"

Geita ilichukua saa nzima kupatikana.

"Bashiri, umepata mahali pa kukaa au mahari ya kuolea?"

"Mahali! Ng'ombe, Mwahija! Ng'ombe kumi na wawili, wako Kagongwa. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani unaniacha, mwehu wewe."

"Nikuache niende wapi, mpenzi?"

Mwahija alifika nyumbani akihema, ushungi umemwangukia mabegani. Wajumbe wa Salehe walikuwa wameshavua viatu barazani. Akamvuta baba yake uani.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Wageni wanangoja jibu."

"Waambie hapana. Nimeshaposwa."

"Umeposwa? Lini?"

"Jumatano, baba. Nimeelewa leo."