Ubongo Uliowaka Ukutani

Kofia-nuru ilikaa juu ya kichwa cha Binti Kibwana kama kikapu cha kioo, na ubongo ukaonekana ukutani, mkubwa kama nyumba. Kila alipoonyeshwa picha ya mtu wake, ukutani paliwaka kidogo. Ikaja picha ya Mwantumu, bintiye. Ukuta mzima ukawaka rangi ya papai bivu.

"Amemtambua!" Watu wa Morogoro Mpya wakapiga makofi.

Mwantumu, mwenye picha yake, alinyoosha shingo kama mtoto dirishani. Ajabu ya Mungu! Mama aliyesahau hata jina la mwanawe, kumbe ndani bado anamjua? Na aliyetengeneza tone-rejeshi, dawa ya kurudisha kumbukumbu aliyodungwa, ni Daktari Semeni, mtoto wa Mwantumu wa kumzaa. Kesho wazee wote wa mji wangedungwa.

Ila tangu bibi aanze kudungwa, uji ulikuwa haumshuki. "Mwili unazoea tu, mama," Semeni alisema, na Mwantumu akaridhika. Mzazi, ukiambiwa hivyo, uliza mara ya pili.

Jambo jingine likamkera: mama yake kukalishwa kichwa wazi mbele ya wakwe na wageni. Akapanda jukwaani na kanga yake.

"Mama, usiguse!" Semeni alimaka.

"Nisiguse nini? Mamangu hakai hivi hadharani. Hata mashine iwe na adabu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwantumu akamvua mama kofia, akaibana kwapani, akaanza kumfunga bibi kanga kichwani. Kicheko kikakatika ghafla. Akageuka kuona wanatazama nini.

Ukutani, ubongo ulikuwa bado unawaka.

Akaitazama kofia kwapani. Akatazama tena ukuta.

"Semeni, ule ubongo wa nani?" Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Tuongee nyumbani, mama."

"Sindano ni kesho. Nyumbani tutaongea nini?"

Semeni akashusha sauti. "Ni wangu. Wa bibi haukuwaka hata chembe. Nikajipiga picha za ubongo mwenyewe nikitazama picha zilezile. Nilijua dawa itafanya kazi, mama, wallahi. Nilitaka tu mji unipe muda."

"Na uji usioshuka?"

Semeni aliinamisha kichwa. "Ni dawa. Inalegeza koo."

"Basi usiniambie mimi. Waambie hao, kabla hawajawaleta mama zao."

Binti Kibwana alimvuta Mwantumu nguo. "Dada, yule msichana analia nini?"

"Amekosea njia, mama."

"Maskini. Mpeni uji."

Semeni akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Ndugu zangu," alianza, "msiwalete wazee kesho." Nyuma yake picha zikarudi mwanzo, moja baada ya nyingine, hadi ikafika ile ya mama yake. Ukuta mzima ukawaka.